Karte za Robine

Imakulata, mutoto wangu,

Ni mama yako anaandika, na kalamu ni yako. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya Masisi, lakini wewe unazijua, ulinifundisha mwenyewe jikoni, kwa makaa juu ya ubao.

Huko baridi haikupigi? Naogopa bure, najua. Mudogo wako Filipina amepona kikohozi. Anavaa gauni lako la bluu. Siku ya kwanza nilimukaripia alivue, kisha nikamuvalisha tena mimi mwenyewe.

Nataka kukuambia habari ya robine, ile ya kufungulia maji ya bomba.

Tangu tumbo lile la kuhara likupeleke, siwezi kutazama ndoo ya maji ya ziwa. Naichemusha, naichemusha tena, mpaka Papa yako anasema, "Mama Ima, leo tutakunywa moshi." Unakumbuka bwana ajenti wa serikali alisema robine itapewa mutaa, kartie ile ambayo wenye parseli, viwanja vya nyumba, watakuja wenyewe kuiomba, na kukubali kuchimba mufereji. Na wenye parseli wetu wanashinda Kibumba kwa mashamba ya viazi, hata mwezi muzima. Ndiyo sababu ulianza karte zako, kadi za kuwaita. Ulisema: "Mama, tarumbeta ya chefu, mutu anaisikia na kugeuka upande mwingine. Lakini kitu chenye tembre ya posta na jina lake, hata asiyejua kusoma atanawa mikono kwanza." Ulichora robine, maji yanamwagika, watu wamesimama. Karte chache tu. Zingine zikabaki nyeupe ndani ya kikapu.

Niliweka kalamu chini kidogo. Sasa naendelea.

Wamama wa kartie walikuja: "Maliza kazi ya mutoto." Mimi! Kuku wangu nikimuchora anafanana na kiatu. Lakini nilikaa. Robine ilinishinda, kila mara inakuwa shingo ya bata, nikaiacha. Nikachora mutungi mukubwa katikati, na wazee wameuzunguka, kila mumoja na fimbo yake, maana muzee bila fimbo ni muzee gani? Nyuma nikaandika tu: mukuje wote kwa Mama Imakulata, siku ya Mungu kisha misa. Maneno mengine niliogopa kukosea. Tukachanga tembre, posta ikapeleka, na mwalimu wa dini kule Kibumba akagawa.

Ima, walikuja! Natoka misa naona njia imejaa. Mbele Muzee Balitazari, jirani yetu wa parseli ya kona, na koti yake nzuri, viatu ameshika mukononi visiharibike kwa mawe ya volkano. Nyuma yake mukaza mwana wake na mutungi wa pombe ya mutama kichwani. Wengine na mitungi pia. Mumoja anavuta mbuzi. Nikajiuliza, siku hizi robine inaombwa na mbuzi?

"Mama Ima," muzee akasema kwa sauti kubwa, "bibi-arusi iko wapi?"

Zile fimbo, mutoto wangu! Nilizichora zimeelekea mutungi, zikafanana na mirija ya kunywea. Na kwetu, wazee wakizunguka mutungi na mirija mikononi, hiyo ni pombe ya kuoa. Kibumba nzima ilijua naozesha Filipina, ambaye bado anapoteza meno ya utoto!

Bwana ajenti, aliyeitwa na wamama aje kusikia ombi, amekwisha kukaa kwa kiti pamoja na chefu. Watu wanaanza kunung'unika, mwenye mbuzi amegeuka kurudi, na mimi naona maji yetu yanaenda kwa kartie nyingine. Nikasema, sijui sauti ilitoka wapi: "Wazee wangu, arusi hakuna. Mutungi ule ni wa maji. Mutoto wangu alikufa juu ya maji mabaya, na ninyi wote mulikuja kumuzika. Leo muniombee maji."

Kisha Muzee Balitazari akakaa juu ya jiwe, akavaa viatu pole pole, kimoja, halafu kingine. Akasema: "Nimetoka Kibumba kwa miguu. Sirudi bila kuongea na mukubwa."

Akaongea! Ziwa, wajukuu, wanawake wanaovunjika shingo kwa ndoo. Wengine wakafuata, mpaka chefu akaomba wapumue. Ajenti alipouliza nani atachimba, mikono ikapanda yote. Hata ya mwenye mbuzi, kamba ikamuponyoka na mbuzi akaingia kwa maharagwe yangu. Na pombe? Hakuna mutu alirudisha pombe Kibumba.

Sasa mufereji umepita nyumba ya chefu. Mawe ni magumu, nyundo zinalia tangu asubuhi, lakini bomba inakuja. Nawapelekea wachimbaji viazi, nasimama pale mpaka wananifukuza.

Bado mimi ni muoga, usiku nasikiliza kama Filipina anapumua. Lakini mbele ya watu, siogopi tena. Wanasema kartie itachagua watu wa kukaa ndani ya baraza, na wanaume tu ndio wataitwa kupiga kura. Sawa. Nakuahidi, Ima: karte yangu itafika kila nyumba, mwanamuke ndiye ataipokea mulangoni, na bwana yake hatakula mpaka aende, arudi, amuambie mukewe jina alilosema.

Pumzika, mutoto wangu muzuri. Papa yako anakusalimia. Hasemi, lakini anakusalimia.

Mama yako, Domitila