Mtani Wangu wa Stendi

Mbalizi, Sokoni
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mume wangu Tadeo,

U hali gani huko Kihesa? Baridi imepungua au bado mnalala na masweta? Sisi hapa tunapumua. Mama magoti yanamsumbua lakini anakula, na mimi mgongo ndiyo hivyo tena, magunia hayajibebi. Yusta hajambo? Mwambie mama yake mdogo anamuulizia.

Nakuandikia barua kwa sababu simu hupokei. Tangu tumzike Dada Faustina mwezi wa nne ukarudi kwenu Iringa, umekuwa mtu wa "nitakupigia", na hupigi. Kwa hiyo nimeitia barua humu kwenye mchele wa Kyela. Najua mchele hutaukataa.

Habari kubwa ni dabi. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Septemba, Sokoni na Stendi, uwanja wetu uleule wenye mteremko. Ninyi Stendi mmesajili kipa mpya. Nimemwona mazoezini, anadaka mpira kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Beki wenu wa kati ana kitambi, wenyewe mnasema ni misuli. Nakuonea huruma kabisa. Uje mapema ule, maana jioni hamu ya kula hutakuwa nayo.

Nikwambie ukweli, nimechoka. Tangu msiba kila mtu hapa sokoni ananisemesha polepole kama mgonjwa. Hata wateja hawabishani bei. Wewe ndiye ulikuwa unajua kunitukana, na Dada anacheka mpaka anashika ukuta. Natamani niitwe tena mke mdogo asiyejua kupika. Ukija utasimama mbele ya Stendi, mimi mbele ya Sokoni na mfuniko wangu wa sufuria, tutupiane maneno pale njia panda kabla timu hazijaingia, kama kila mwaka. Hilo tu ndilo ninalotaka. Hata mtufunge, sawa.

Usiniaibishe.

Mke wako mdogo,
Ikupa


Kihesa, Iringa
Jumanne, 26 Agosti 2025

Shemeji Ikupa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na Mama anaendelea vizuri. Sisi tupo. Yusta ana mafua kidogo. Mimi nimepata kibarua cha kukata tiketi stendi ya mabasi ya huku, narudi nyumbani sina hata nguvu ya kuvua viatu.

Mchele umefika, asante. Ila barua yako imenitia matatani. Mzigo aliupokea mama yangu, mimi nikiwa kazini. Alipoona karatasi akamwita Yusta aisome, na Yusta akaisoma kwa sauti kama wanavyofundishwa shuleni, mbele ya Mama, Baba, na shangazi yangu aliyekuja kutoka Idodi. Hakufika mbali. Aliposema "Mume wangu Tadeo" tu, shangazi akapiga vigelegele.

Unakumbuka maneno ya baba yako mdogo Saulo siku tulipomaliza matanga? Alisema mtoto anaye mama mdogo ambaye hana mume, na mimi nimebaki mgane, sasa watu watafute nini mbali. Mimi niliinamisha kichwa, wewe ukaondoka kwenda jikoni. Kumbe wazee wangu waliyachukua yale maneno, wakawa wanakungoja wewe useme. Sasa wanaona umesema, tena kwa maandishi. "Mwenyewe ameshakubali," Mama anawaambia majirani, "sisi tulikuwa tunaona aibu ya bure."

Nikawaeleza kwamba sisi mashemeji tumeitana hivyo miaka yote, ni utani. Baba akaniuliza, "Utani ulikuwa wakati mkeo yupo. Sasa hivi anayekuita mume, anatania nini?"

Wamemwomba mzee Liberatus awe mshenga. Anataka kuja huko Mbalizi wiki hiyohiyo ya dabi. Kwa hiyo usinisubiri uwanjani. Siwezi kusimama pale njia panda huku watu wanatutazama sisi badala ya mpira. Nimechoka, shemeji. Hata matokeo siyafuatilii siku hizi.

Msalimie Mama.

Shemeji yako,
Tadeo


Mbalizi, Sokoni
Jumapili, 31 Agosti 2025

Shemeji,

Mafua ya Yusta yameisha? Mchemshieni tangawizi, na mumfunike kifua anapokwenda shule. Mama anawasalimu. Mimi sijambo, ila usingizi hakuna.

Barua yako niliisomea kibandani, nikacheka peke yangu mpaka mteja akanishangaa. Halafu nikakaa juu ya gunia nikalia, na huyo mteja akaondoka bila kununua.

Nisamehe kwa kusema wazi: sikutaki. Wewe ni mtu mzuri, Dada alikupenda na aliyekupenda hakukosea, lakini siwezi kulala kwenye kitanda alichougulia dada yangu. Wewe pia hunitaki. Mwanaume anayemtaka mtu haandiki "umenitia matatani".

Sasa fikiria na mimi. Huyo mshenga akifika hapa nikamkataa, ndiyo basi. Mwanamke akishamkataa mwanaume mbele ya wazee, hao hawataniani tena, wanakwepana hata kwenye harusi za ndugu. Nikikubali, nimepata mume nisiyemtaka na mtani nimempoteza vilevile. Njia zote mbili mimi ndiye ninayebaki mikono mitupu.

Kwa hiyo njoo kwenye dabi, nakuomba. Vaa jezi yenu ya njano, simama njia panda, niite chochote unachotaka, mlafi, mchawi, mshona jezi za Sokoni kwa magunia. Mimi nitakuita mume wangu mbele ya Mbalizi nzima na watu watacheka. Wakicheka, umekuwa utani, na mshenga hatakuwa na la kuja kusema. Usipokuja, watasema kumbe kweli pana jambo.

Stendi yenu siijali. Nakuita kwa ajili yangu. Nimebakiwa na watu wachache wa kunichekesha, na wewe ulikuwa wa kwanza.

Shemeji yako,
Ikupa


Kihesa, Iringa
Jumanne, 9 Septemba 2025

Ikupa,

Habari za huko? Mama anaendeleaje? Yusta amepona, amerudi shule. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Nilijikatia tiketi ya kuja. Nikakaa nayo mfukoni, kisha nikaiuza kwa abiria mwingine.

Nilijaribu kutunga maneno ya kukutupia. Zamani yalikuwa yanakuja yenyewe. Juzi nilikuwa naoga, nikasema kwa sauti, "Wewe mke mdogo, wali wako hata kuku wanautema," nikasubiri, kukawa kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote nilikuwa nakutania wewe ili acheke Faustina. Hayupo, na mimi maneno sina. Ningekuja ningesimama mbele yako kama gogo, na hiyo ingekuwa mbaya kuliko kutokuja.

Mzee Liberatus alikuwa ameshafunga mkoba. Jumamosi niliwakalisha wazee nikawaambia simuoi Ikupa, na Ikupa hanitaki. Mama akalia. Ndipo Liberatus akaniuliza, "Haya, kama si mkeo, ni nani kwako? Mkeo amefariki, huo ushemeji sasa umeshika wapi?" Nikasema, ni dada yangu. Akaniuliza tena mbele ya wote, nikajibu hivyohivyo. Mama akafuta machozi akaleta togwa, tukanywa wote kwenye kikombe kimoja, na safari ya mshenga ikafia hapo.

Dada haposwi. Dada pia hataniwi, hilo unalijua kama ninavyolijua. Yusta ameambiwa kuanzia sasa akuite shangazi. Akauliza, "Kwani mama mdogo amekwenda wapi?" Nikamtuma maji.

Najua hukuomba hivi. Uliomba kitu kingine na mimi nimeshindwa kukupa. Hiki ndicho nilichoweza. Nyumba hii ni yenu sasa, ukifika utapewa kiti kama binti wa hapa na hakuna atakayenong'ona juu yako.

Kaka yako,
Tadeo


Mbalizi, Sokoni
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kaka Tadeo,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa salama, Baba, Mama na Yusta. Sisi hapa hatujambo. Neno hilo la mwanzo limenichukua muda kuliandika, sijawahi kukuamkia tangu nikufahamu. Nitazoea.

Nilimsomea Mama barua yako. Amesema umefanya kama mtu mzima na umetulinda wote. Ni kweli, na mimi nimepokea. Imeniuma sana, ila nimepokea.

Dabi ilichezwa jana. Sokoni tulipata mabao matatu, ninyi hamkupata. Watu walikuwa wengi. Pale njia panda Stendi walimsimamisha Jofrey, yule mpiga debe mrefu, achukue nafasi yako. Nikagonga mfuniko, nikamwambia jezi aliyovaa ameazima kwa mwanawe. Yeye akavua kofia, akainama kidogo, akasema, "Pole sana na msiba, dada Ikupa." Nikamshukuru, nikarudi upande wetu. Baada ya mechi wenzangu walizunguka na ngoma mpaka stendi, mimi nikaenda kufunga kibanda.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu kipa wenu na yale mabao. Niliposoma nikaona si maneno ya kumwandikia kaka, nikauchana.

Mchele mwingine nitatuma mwisho wa mwezi. Mwambie Yusta shangazi yake anamsalimu, na ajifunze kwa bidii.

Timu yenu ilicheza vizuri, Kaka.

Mdogo wako,
Ikupa