Chumba cha Anjelista

Njombe, Jumamosi. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita mchana, na mimi nimerudi na baridi ambayo hata chai ya tangawizi imeshindwa kuitoa.

Leo nilikwenda Wanging'ombe, nyumbani kwao Anjelista, ambaye yuko likizo fupi. Ni kiziwi, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, na akimaliza mitihani kuna kazi inamsubiri Makambako: kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunga kikonyo cha aina bora kwenye mche wa kienyeji. Alijifunza kitaluni pale likizo iliyopita. Mwenye kitalu, mtu mgumu wa kusifu, aliniambia miche ya huyu binti inashika kuliko ya waliomtangulia, akampa na kisu chake mwenyewe cha kazi. Kilichobaki ni mama yake kukubali tu.

Tu! Nilikuwa na uhakika wa kijinga.

Mama alinipokea kwa salamu ya "kamwene" na viazi vya moto, kisha akanishika mkono kunipeleka nyuma ya nyumba. Amejenga chumba. Matofali ya kuchoma, dirisha lenye pazia la maua, kitanda kipya. Ni cha Anjelista, akimaliza shule. Muda wote niliokuwa nikimpangia binti maisha ya mbele, sikuwahi kufikiri kwamba mama naye anapanga.

Nikamweleza habari ya kitalu. Akanyoosha lile pazia la maua.

"Mwalimu, Makambako ni malori usiku na mchana. Likipiga honi nyuma yake, nani atamvuta pembeni? Akiwa shuleni kwenu tu mimi silali, muulize hata jirani."

Anjelista alikuwa ananitazama mikono. Mama yake hajui lugha ya alama. Wana ishara zao chache za nyumbani: maji, kuni, njoo ule. Mengine yote leo yalipita kwangu.

Nilikuwa na hasira. Nikatafsiri kwa mkato: mama amekataa.

Basi.

Anjelista aligeuka kutazama kitanda na pazia. Kisha akaniambia kwa alama, mwambie chumba ni kizuri. Hilo nililitafsiri lote, neno kwa neno. Mama alifurahi mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, na mimi nikataka kulia kwa sababu nyingine.

Nilipoaga, Anjelista alinisindikiza hadi barabarani, akanipa kile kisu amekifunga kwenye kitambaa safi. Alitaka nikamrudishie mwenye kitalu.

Kiko hapa mezani. Nimekula nikikitazama.

Kinachoniumiza ni kwamba mama hakusema hapana hata mara moja. Alisema malori. Alisema honi. Alisema halali usiku. Alikuwa anasema anaogopa, na binti yake hajui hilo mpaka sasa, kwa sababu mimi niliona ni maneno mengi.

Pengine jibu litabaki lilelile, na Anjelista ataishia kwenye chumba chenye pazia la maua. Sina uhakika wa lolote tena. Ila Makambako sikipeleki kisu. Kesho baada ya ibada narudi Wanging'ombe, nimwombe radhi Anjelista, kisha nimfundishe mama yake alama moja ya kuanzia, ile ya "naogopa."

Amwambie kwa mikono yake mwenyewe.