Picha ya Baba

Jumatatu, 8 Oktoba 1951
Madaftari ya darasa la tatu, imla. Nusu wamekosa. Nimewafokea kwa hasira isiyo yao. Kesho Baba anatolewa mahabusu kusimama mbele ya hakimu hapa Tabora, ati katundika mizinga ya nyuki kwenye msitu uliofungwa na Serikali. Ushahidi ni picha: Baba yuko juu ya mti, mzinga mkononi. Aliyeipiga ni Bwana Misitu wa zamani, kabla msitu haujafungwa. Ndivyo asemavyo Baba, na hana shahidi ila kinywa chake. Mkalimani ni Yakobo, mchumba wangu. Afadhali.

Jumanne, 9 Oktoba
Afadhali gani! Hakimu aliuliza kwa Kiingereza kama aliyemo pichani ni Baba. Yakobo akageuza: "Mzee, hii ni picha yako?" Baba akajibu, "Siyo yangu, ni ya Bwana Misitu." Kweli tupu. Yakobo akamwambia hakimu kuwa Baba anakana, asema si yeye. Na uso ule pale, na pengo lake! Watu wakacheka. Hakimu kamwita mwongo. Hukumu Ijumaa.

Jumatano, 10 Oktoba
Nimemweleza Yakobo. Kwetu picha yangu ni ile niliyo nayo, na ni ile yenye sura yangu. Swali la hakimu lilizitenga. Kakubali kakosea, kisha kanisihi ninyamaze. Akifukuzwa kazi, tutakula nini? Nikamwuliza, na Baba je, atakula nini gerezani? Namchukia. Nampenda. Mjinga mimi.

Alhamisi, 11 Oktoba
Nimeandika swali la hakimu kwa Kiingereza, nikalifuta, nikaliandika tena.

Ijumaa, 12 Oktoba
Nilisimama kabla ya hukumu. Nikasema, kwa Kiingereza, kwamba swali lilimfikia Baba limepinda. Yakobo akatazama viatu vyake. Hakimu aliudhika, lakini akaniruhusu niulize mwenyewe.

"Baba, aliyemo pichani ni nani?"

"Ni mimi! Kwani macho yako yameingia nini?"

Akaulizwa ilipigwa lini. Akaeleza yote, nikageuza mimi, na safari hii akaaminiwa. Kaachiwa. Yakobo katoka bila kuniaga.

Jumapili, 14 Oktoba
Baba kalala kutwa. Jioni nimepika ugali na kuku. Anatazama njia. Anasema Yakobo ana adabu, alikuwa akimpelekea maji mahabusu kila asubuhi. Mbona haji tule naye? Kiingereza hakijui, hajui ni nani aliyelipinda swali. Nimemwambia Yakobo ana kazi nyingi.

Kasema basi, tumwekee paja.

Nimemwekea.