Vidonge Ulivyogawa Shambani

Mama mpendwa,

Huku Mpepai wameanza kulima ngoro tena. Jana nilipita nikitokea Mbinga mjini, nikawaona akina mama wamejipanga kwenye mteremko, wanachimba yale mashimo ya kushika maji ya mvua huku wakitaniana. Nikakutafuta kwa macho. Nilijua hupo, lakini nilikutafuta hivyo hivyo.

Wewe mtu wa Liuli, kule ziwani, uliyeolewa huku milimani hujui ngoro wala kahawa, ukaja kuwashinda wenyeji kwa jembe. Ndiyo maana kichwa kilipoanza kukugonga ulisema ni jua tu. Mpaka siku ulipoanguka shambani tukakukimbiza hospitali. Daktari akasema ni presha, akakuandikia vidonge vya kumeza kila siku, uumwe usiumwe. Ulinigeukia umenuna.

"Dawa ya kila siku hata kama siumwi? Hiyo si dawa, hiyo ni ndoa."

Ndoa yenyewe ilikupenda, mama. Kichwa kilitulia, ukungu wa machoni ukaondoka, na nilipokuja kukusalimia mwisho wa wiki nilikukuta tayari uko shambani. Ukadai nikupeleke kwenu. Tuliteremka mpaka Liuli, ukaingia ziwani hadi magotini umekunja kitenge, wewe na mama mkubwa mnacheka kama wasichana. Jioni nilikukumbusha habari ya chumvi kwenye dagaa wa usipa, ukajifanya husikii. Siku ile naitamani kuliko zote.

Kisha ukaanza mambo yako. Kwenye kazi ya zamu, leo shamba lako kesho langu, aliyekuja na kiazi anakigawa, aliyekuja na togwa anapitisha kata. Wewe ukaja na vidonge. Kila aliyelalamika kichwa ulimpa kimoja, kwa moyo mweupe kabisa. Vikakuishia kabla ya siku ya kliniki, ukaona haya kusema. Mama Kapinga, mmoja wa uliowapa, akazimia katikati ya mashimo, na wewe mwenyewe ukaamka ulimi mzito, maneno hayatoki sawasawa. Niliogopa, mama. Nilidhani ndiyo nakupoteza.

Hospitalini nesi alipokuuliza vidonge vimekwenda wapi, hukuficha.

"Wenzangu wanaumwa kichwa, mimi nimeze peke yangu? Huo si uchoyo?"

Hakukugombeza. Alikueleza taratibu kwamba vidonge vile daktari aliviandika baada ya kukupima wewe. Mama Kapinga presha yake ilikuwa ya chini tangu mwanzo, na kidonge chako kikaishusha zaidi. Na ulipogawa cha kwako, ulibaki huna kinga. "Wagawie njia ya kuja hapa, mama," akasema. "Dawa, kila mmoja ataandikiwa yake."

Ulimi uliporudi, uliifanya kazi hiyo kweli. Siku ya kliniki ulitangulia mbele, kundi zima nyuma yako, mmevaa vitenge vya kanisani kana kwamba mnakwenda harusini. Mmoja akakutwa na presha, mwingine sukari, wengine wakaambiwa wapumzike na wanywe maji. Mama Kapinga hakupewa kidonge chochote, akalalamika njia nzima kwamba amebaguliwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Hukukosa kumeza tena. Ulicheza siku ya harusi yangu, ukampokea binti yangu na kumpa jina la mama yako. Ulipoondoka ulikuwa umezeeka vizuri, na maneno yako ya mwisho niliyasikia yote.

Sasa na mimi nimeambiwa nina presha. Nilirudi nyumbani na vidonge vyangu, nikaviweka mezani, nikalia. Sikulia kwa kuogopa. Nilitaka kukupigia simu nikuambie wewe wa kwanza, unitanie kwamba hatimaye na mimi nimeolewa kweli.

Watu huniambia nishukuru, kwa sababu dawa zilikupa miaka ambayo wengi hawakuipata. Nashukuru, mama. Lakini kwako nasema ukweli: sikushiba. Ungekaa miaka mingine kama ile, bado ningeomba tena.

Binti yangu yupo jikoni anaimba wimbo asiojua maneno yake. Siku moja naye atanitafuta kwa macho mahali nisipokuwepo. Nimechukua maji, nimemeza. Nataka siku hiyo ichelewe.

Pumzika, mama.

Ni mimi, kitindamimba wako.