Kilo Zako Zilikuwa Zinapungua

Mpendwa Mama Chebet,

Mvua ya El Nino imekatika na chai imechipua kwa fujo. Ni mwaka na miezi minne tangu tukuzike hapa Kabianga, na bado sijakusamehe. Nianze na hilo, maana tulikuwa watu wa kuambiana ukweli. Ama mimi ndiye nilikuwa wa kusema na wewe wa kunyamaza.

Unakumbuka siku ile kwenye kituo cha kupimia majani ya chai? Wanawake mlikuwa mmemwaga chai kwenye magunia, mnatoa majani magumu kabla karani wa mizani hajafika. Ukanyoosha mkono wa kulia, ukasema, "Baba Chebet, huu mkono hausikii majani."

"Basi tumia ule mwingine," nikakujibu.

"Mzee, huyo si trekta!" jirani yako akanirushia. Wakacheka. Nawe ukacheka.

Ulisema mara hiyo moja tu. Mara moja, mama! Ndiyo hasira yangu. Lakini mizani ilisema kila wiki. Kilo thelathini na nne. Thelathini na moja. Ishirini na saba. Ilipofika kumi na tisa nikakuuliza, mbele ya watu, kama ulikuwa umelala shambani. Daktari alipokuja kutaja uvimbe kichwani, hesabu yote ya ugonjwa huo nilikuwa nayo tayari. Nilizijua kilo zako kuliko nilivyoujua uso wako.

Nilianza na miche mia mbili ya chai, ya kuomba, nikafikisha elfu nne. Hakuna aliyenifundisha kusimama kidogo na kutazama. Sasa najifundisha mwenyewe, tena kwa mambo madogo, kwa sababu makubwa yamenishinda. Asubuhi nikifunga nailoni ya kuchumia chai kiunoni, nasimama, nausikia umande ukiingia kwenye viatu. Mstari wa chai ukiisha, nasimama tena kabla ya kuingia mwingine. Napumua mara tatu, naangalia ni nani aliye karibu nami na ana sura gani. Majirani wanadhani mgongo umenikataa. Siku nyingine nikifika pumzi ya pili tayari akili iko kwenye magunia ya mbolea. Narudi mwanzo.

Jana jioni Chebet alikuwa jikoni anachemsha maziwa. Tangu uende, haniambii zaidi ya "ndiyo" na "chakula kiko tayari." Akaniita, "Baba." Nikaweka panga chini.

"Siku ya mazishi nilitamani ungekufa wewe."

Maziwa yakapanda, yakamwagikia moto. Zamani ningeruka kuokoa sufuria, na maneno yangeishia hapo. Sikuinuka.

"Endelea," nikamwambia.

Akaendelea, mama. Ana miaka kumi na minne na alikuwa ameweka mengi moyoni. Sikumkatiza hata mara moja. Na katika yote aliyosema, sikupata hata moja la kumbishia.

Wewe pumzika. Mimi bado nina mtu wa kumsikiliza.

Mumeo,
Baba Chebet