Nimechomoa diski ya kijani

We, nimeharibu kazi. Nimechomoa diski nzima nikaiacha mbovu!

Ile mashine ya hospitali yenye faili za wagonjwa. Diski mbovu huwaka taa ya machungwa, nzima kijani. Kila kitu kimezima.

Bosi hata hakufoka. Kauliza tu, "Hii taa rangi gani?" Nikasema machungwa. "Na hii?" Machungwa.

"Wewe huoni rangi."

Huoni rangi! Siku zote fundi mwenzangu ndiye hunitajia, "Chomoa ya pili." Leo hayupo.

Nimekaa kwenye ngazi, hata kulia silii.

Unakumbuka mama alivyokuwa akinichagulia nguo mpaka naoa? Mlinicheka mpaka basi, eti nadekezwa.

Nimempigia, nikamweleza kuwa sioni rangi. Akasema, "Nani kakwambia?"