Esteri kwenye maharage

Ikinga, Jumamosi, Juni 1952

Miguu imekufa, lakini nacheka peke yangu kama mwehu. Siku mbili kwa baiskeli kutoka shamba la kahawa Mbozi, mke wangu Esteri kwenye keria, nami njia nzima nahofu baba atamkataa, maana nilimwoa hukohuko bila ridhaa yake.

Mteremko wa mwisho, breki hazishiki, na baba huyo njiani na jembe lake! Kwetu mke hatazamani na baba mkwe. Nikapiga kelele, "Esteri, baba!" Akaruka, akajificha kwenye maharage.

Baba angemtazama, ningejua hamtambui. Lakini aligeuka upesi, akaiambia migomba: "Mwanangu, mwambie mkwe wangu asinikanyagie maharage."

Mkwe wangu! Kasema mkwe wangu.